Kidevu cha Mzee Taulo

Kinyozi mwenye akili huenda kanisani uso uking'aa, maana uso wake ndio tangazo lake la biashara. Mzee Taulo hakuwa na akili ya namna hiyo. Jumapili kadhaa kila mwaka alisimama kwenye foleni ya komunyo na kipande cha karatasi kimeganda kidevuni, pengine viwili, damu imekaukia humo, naye hana habari. Mgeni angemnong'oneza jirani yake: huyu mzee hunyolewa na nani, paka? Akiambiwa kwamba huyo ndiye kinyozi anayesifiwa kuliko wote mjini, angedhani anataniwa.

Wenyeji hawakucheka. Walijua kwamba kidevu cha Mzee Taulo kikichanika, kuna mlevi ametimiza mwaka bila kuonja tone, na kwamba jana yake mlevi huyo alikabidhiwa wembe na koo la mzee.

Basi mzee huyo alifariki siku ya Alhamisi, hospitalini, baada ya padre kumpaka mafuta matakatifu. Hakuacha ghorofa wala gari. Aliacha saluni ya viti viwili, benchi refu la mbao lililolainika kwa kukaliwa, na binti mmoja ambaye mji mzima ulimwita Wembe. Jina hilo lilikuwa la kazi yake na la ulimi wake pia, na watu walibishana kipi kina makali zaidi. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wa kinyozi yeyote. Aliwanyoa watoto wachanga wakiwa usingizini na wasiamke. Alimnyoa paroko, akawanyoa mahakimu na wachuuzi wa samaki. Kidevu kimoja tu hakuwahi kukigusa, nacho kilikuwa cha baba yake.

Jambo hilo lilimkera tangu ujana wake.

"Baba, mimi utaniachia lini?" aliwahi kuuliza.

"Wewe una nini cha kuthibitisha? Mkono wako haujawahi kutetemeka."

"Basi nianze kunywa nipate zamu."

"Jaribu uone," mzee alijibu, akacheka mpaka povu la sabuni likamwagika.

Jina la Taulo mzee alilipata hapohapo kazini. Kila mteja, kabla ya wembe, alifunikwa uso kwa taulo la moto, na taulo hilo halikuondoka mpaka fungu moja la rozari liishe: Baba Yetu, Salamu Maria zake kumi, na Atukuzwe. Mzee alisali kwa sauti ya chini huku akinoa. Asiyekuwa Mkatoliki alingoja vilevile, na wapo waliojikuta wanaijua Salamu Maria yote kichwani bila kukusudia, wakawa wanaombwa na wake zao waeleze wameitoa wapi. Wanaume wengi walilia chini ya taulo lile. Hakuna aliyeweza kujua kama ni machozi au mvuke, na ndiyo maana walilia.

Zamani zake hakuna aliyemwita mzee. Walimwita Pipa. Alikuwa mlevi wa kulala mtaroni na funguo za saluni zikiwa mfukoni, na hata alipopona hakutaka watu waone haya kulitaja. Mficha uchi hazai, alikuwa akisema. Siku moja, mkono ukimtetemeka kwa kukosa chupa ya asubuhi, alimkata katekista sikio. Haukuwa mkwaruzo, kipande kilining'inia. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji, lakini wateja waliokuwa benchini hawakungoja maji. Walitoka mmoja mmoja, kila mtu ghafla amekumbuka shughuli nyumbani.

Katekista akarudi wiki iliyofuata, sikio limefungwa bandeji, akakaa kwenye kiti kilekile na kuinua kidevu.

"Ninyoe," alisema.

"Mkono huu haufai, katekista. Umeona mwenyewe."

"Umekunywa leo?"

"Leo bado."

"Basi ninyoe kabla hujanywa. Na kesho nitakuja mapema zaidi."

Akaja kesho, na keshokutwa, na kila asubuhi iliyofuata. Ndevu zenyewe hakuwa nazo. Alikuwa na vinyweleo vichache kama vya mvulana, kwa hiyo kwa muda mrefu Pipa alikuwa akinyoa ngozi tupu. Lakini kunywa kabla hakuweza, maana koo la mtu lilikuwa linamngoja. Akimaliza, katekista alimshika mkono wakaenda Misa ya asubuhi, na siku moja badala ya kwenda kukaa kwenye viti vya kanisa Pipa aliingia kwenye foleni ya kitubio. Alitoka humo macho mekundu, akalala nyumbani kwake, kitandani, mkewe akikesha kumtazama kwa mshangao.

"Kinyozi hajinyoi," katekista alimwambia, "na mlevi hajiponyi. Utakuwa unahitaji mkono wa mtu mwingine mpaka unakufa. Zoea."

Pipa alizoea. Tangu siku ile hakujinyoa tena, na alipotimiza mwaka akaanza kuwakaribisha walevi wenzake kwenye benchi. Hawakulipa. Walikunywa chai, walisubiri taulo, walisimulia walipoangukia jana na hakuna aliyewahubiria. Waliokuwa Wakatoliki aliwapeleka Misa. Wapya waliogopa, eti harufu ya divai ya altareni itawarudisha baa. Mzee aliwaambia wamtazame yeye: kwenye sikukuu kubwa, padre alipogawa Mwili na Damu, yeye alipokea Mwili tu akarudi kukaa. "Kristo ni mzima katika kipande," alisema. "Kile kikombe hakuna anayekudai." Na aliyemaliza mwaka, Jumamosi yake ilipofika, mzee aliketi kwenye kiti cha wateja, akafunga macho, akampa wembe. Wengi walimkata, na hakuna aliyesahau.

Ndiyo maana siku ya msiba watu walijaa mpaka nje ya uzio. Aliyepanga mambo yote, jeneza, gari na saa ya Misa, alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, mwenye duka la mbao na suti ya kila tukio. Alikuwa mtu mwema mwenye donda moja. Miaka ile ya Pipa alimwokota kaka yake mtaroni mara nyingi mno, watu wakitazama, na aibu hiyo haikumtoka hata kaka alipopona. Ukimuuliza, marehemu alikuwa kinyozi mcha Mungu. Kuhusu pombe alikuwa bubu.

"Wembe, mwanangu," alisema Ijumaa ile, "kesho jeneza litafunguliwa kanisani watu wamuage. Ndevu zimemwota hospitalini. Sitaki aondoke na uso wa vikaratasi. Utamnyoa wewe. Uso safi, bila chale hata moja. Wewe ndiye damu yake na wewe ndiye fundi."

"Sawa, Baba Mdogo," Wembe alijibu, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Akaona haya kufurahi msibani, lakini kufurahi alifurahi. Hatimaye.

Mchana huo akaja Dereva. Aliitwa Dereva ingawa hakuwa ameshika usukani tangu alipoliingiza lori la tajiri wake kwenye karavati. Sasa alikuwa mpakiaji sokoni. Mwaka mzima alikaa kwenye benchi la mzee, karibu na mlango, mahali pa watu wasio na uhakika kama watabaki. Alikuja shati limepigwa pasi, akasimama mbali kidogo kana kwamba bado ananuka.

"Pole sana, Dada."

"Nimeshapoa."

"Dada, kesho ilikuwa zamu yangu."

Wembe alilijua hilo. Benchi zima lilijua; walishaanza kumtania kwamba kidevu cha mzee kitachanika kama lile lori la karavatini.

"Mwenye kidevu amekufa, Dereva."

"Najua. Lakini mimi bado nipo." Alikuna shingo. "Nimetoka baa ya kona. Sikuingia. Nilisimama mlangoni nikajiuliza, kama zamu yenyewe imekufa, mwaka wote huu nilikuwa najibana kwa ajili ya nini? Halafu nikasema nije kwanza nikuulize. Niruhusu nimnyoe."

"Unanitisha? Nisipokupa wembe utakunywa, ndivyo?"

"Sikutishi. Nakwambia nilipotoka tu. Mzee alisema hapa hatudanganyani."

Wembe alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. "Mimi ni mtoto wake," alisema. "Mwaka mzima umeniona pale saluni. Umewahi kuniona nikimgusa kidevu?"

Dereva akafikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa njia. "Hapana, Dada. Sijawahi."

"Basi nenda nyumbani. Na usipitie kona."

Akaenda. Wembe alibaki na ushindi ambao haukuwa na ladha yoyote, akachukua funguo, akaelekea saluni kuchukua vifaa.

Saluni ilikuwa imefungwa tangu Alhamisi, lakini benchi lilikuwa nje, chini ya dirisha, na lilikuwa limejaa. Walikuwapo fundi wa rangi, mlinzi wa benki, muuza mitumba, na mwisho kabisa Mwalimu, aliyeacha pombe muda mrefu hata wanafunzi wake wa sasa wasingeamini aliwahi kulewa. Wote walisimama alipofika. Hakuna aliyemwomba kitu.

"Mnafanya nini hapa, na msiba uko nyumbani?" aliuliza.

"Tunakaa tu, Wembe," Mwalimu alijibu. "Wiki hii si nzuri kwa mtu kukaa peke yake. Tunapeana zamu mpaka mazishi yaishe, asipotee mtu."

"Nani amewaambia mfanye hivyo?"

"Hakuna. Mzee angefanya hivyo."

Wembe aliingia ndani, akafunga mlango, akaegemea kiti cha wateja. Kupitia dirishani alisikia sauti zao za chini, na ikamjia kwamba mtu akifa akaacha watu wazima wanalindana hivi bila kuambiwa, huyo hakuacha mali kidogo. Alikuwa anamwonea fahari baba yake kiasi cha kukosa pumzi. Halafu akakumbuka siku nyingine aliyomlalamikia, siku ambayo mzee hakucheka. Alimwambia: "Binti yangu, wewe nilikupa mkono. Hawa sina cha kuwapa, nawapa shingo."

Alichukua wembe wa kukunja, mkanda wa kunolea, brashi, na jiwe la shabu la kuzuia damu. Alipotoka nje alikuwa anafuta macho kwa kiganja, kwa ukali, kama mtu anayefukuza inzi.

"Mwalimu, mtafuteni Dereva. Mwambieni kesho asubuhi anikute mochwari. Na asilale peke yake leo."

Jumamosi asubuhi Baba Mdogo alipomwona Dereva mlangoni mwa mochwari, alimvuta Wembe pembeni.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Ndiye mwenye zamu."

"Zamu gani? Nimekuomba jambo dogo, Wembe. Kaka yangu aende mbele ya watu akiwa na heshima, siku moja tu. Unamletea mlevi?"

"Baba Mdogo, heshima ya baba ni hii hapa, imesimama mlangoni imevaa shati safi. Nyingine sijui."

Baba Mdogo aliwapisha, akaingia nyuma yao. Ulimi ule alikuwa anaufahamu tangu ulipoota meno.

Mhudumu aliwaachia chumba. Mzee alikuwa amelazwa juu ya meza, ameshaoshwa na kuvikwa shati jeupe, rozari imezungushwa vidoleni. Wembe alimimina maji moto kutoka kwenye chupa ya chai, akakamua taulo, akamfunika baba yake uso. Maiti haina haja ya taulo la moto. Ndevu zake hazitalainika kwa raha. Lakini hakuna mtu aliyenyolewa saluni kwao bila taulo, na hakutaka baba yake awe wa kwanza. Wakasali fungu zima. Dereva, ambaye alifika kwenye benchi hajui hata kufanya ishara ya msalaba, hakukosea neno.

Kisha Dereva akashika wembe. Wembe alikaza meno na kusubiri chale ya kwanza. Haikuja. Mkono wa mpakiaji yule, wenye sugu kama gome, ulipita shavuni taratibu, ukapita chini ya taya, ukazunguka pembe ya mdomo mahali ambapo hata vinyozi wazoefu hukwama. Dereva hakupumua kwa sauti. Alipofika katikati ya kidevu alisimama, akafuta wembe, akaugeuza mpini.

"Upande huu ni wako, Dada."

"Zamu ni yako. Maliza."

"Yangu imetosha. Mzee alinieleza siku moja. Alisema, yule mtoto nimemnyima kitu kimoja tu duniani, na sijui kama atanisamehe."

Wembe aliupokea, akainama, akaliona shavu la baba yake kwa karibu ambako hakuwahi kufika, kovu dogo kila mahali, la fundi wa rangi, la mlinzi, la Mwalimu, na mengine ya watu waliokwisha kufa bila kuirudia chupa. Na mkono wake ukaanza kutetemeka. Aliutazama kana kwamba si wake. Akaushika kwa mkono wa pili, na wa pili nao ukatetemeka.

"Siwezi," alisema.

"Ngoja," alisema Dereva. Akalichovya taulo tena, akalikamua, akalilaza juu ya ule uso nusu. "Subiri fungu moja. Ndivyo tunavyofanya. Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..."

Alimaliza nusu yake, akangoja wa kuipokea. Aliyedakia hakuwa Wembe. Alikuwa Baba Mdogo, kule ukutani alikosimama na suti yake, kofia mkononi: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..." Wakaenda hivyo mpaka mwisho, mmoja akianza, mwingine akipokea, na Wembe akilia bila kujificha, maana yeye hakuwa na taulo usoni.

Mkono haukutulia kabisa. Ulitulia kiasi cha kutosha, naye akanyoa. Alinyoa kama mwanafunzi, kipande kwa kipande, na chini ya mdomo wembe ukateleza ukachana ngozi. Dereva, kwa mazoea, akanyakua jiwe la shabu. Halafu wote wakaona kwamba damu haitoki.

"Poda," Baba Mdogo alisema. "Mhudumu hakosi poda."

"Iache ilivyo, Baba Mdogo."

"Watu wataiona."

"Waione."

Na waliiona. Kanisani, baada ya Misa, foleni ya kuaga ilipita kando ya jeneza, na kila aliyefika alitua macho kidevuni. Watu wa benchi walipofika walitazama chale ile, kisha wakamtazama Dereva, na mlinzi wa benki akampiga begani kumpongeza. Dereva akatikisa kichwa kukataa, lakini hapakuwa mahali pa kueleza. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mwenye sauti ambayo hata ikinong'ona husikika na kwaya nzima, alisimama hapo zaidi ya wengine.

"Jamani, nani amemkata mzee wa watu hivi?" alimuuliza Wembe. "Mmemwachia mlevi gani?"

Baba Mdogo alikuwa kando yao. Wembe alimwona anajiandaa kusema jambo la kufunika, kama alivyofunika maisha yake yote, akamtangulia.

"Ni mimi," alisema, wala hakushusha sauti.

"Wewe? Wewe mwenye mkono ule?"

"Mkono huuhuu. Umetetemeka, nikakata." Akanyoosha kidole juu ya jeneza, bila haraka, kama anayemwonyesha mteja kazi iliyokamilika. "Upande huu ulionyooka, usio na doa, ni wa Dereva pale. Alikuwa mlevi, na leo ametimiza mwaka. Huu uliochanika ni wangu. Baba alimfundisha yeye vizuri kuliko mimi."

Mama mwenyekiti alitazama upande mmoja, akatazama wa pili. Baba Mdogo alikohoa. Kisha akavaa uso wake wa kupanga mambo, akageuka, akamwita Dereva kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma, aje washike jeneza pamoja, upande wa kichwani.